Sekunde Nane za Kilio cha Mama

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akifika mahali popote, hata msibani, kwanza anapuliza vumbi kwenye kinasa sauti chake, ndipo anaamkia watu. Anakitoa mfukoni mwa shati, anakigeuza juu chini, anakipuliza kama mtu anayepoza uji, kisha anakifuta kwa kile kitambaa laini cha kufutia miwani. Miwani yenyewe ilikuwa na ukungu wa mafuta mwaka mzima. Zamani jambo hilo lilituchekesha. Siku hizi nikikumbuka ile midomo yake inavyochongoka, sicheki.

Nilimjua kwa miaka kumi na minane. Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, sijui vizuri na sina hamu ya kuuliza. Mtaa wetu mzima wa Chemchem, hapa Tabora, tulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha kitu. Mimi ni fundi cherehani. Nilishona sare za kwaya, na siku za ibada niliimba alto, safu ya pili, upande wa dirisha.

Mazuri yake yapo, na nitayasema, maana nisiposema mtu atadhani namsingizia. Alikuwa na sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Akiwa ametupa mgongo, anaandika ubaoni, aliweza kumtaja kwa jina mtu mmoja kati ya thelathini aliyeteremka nusu sauti. Akina mama wasiojua kusoma aliwafundisha nota kwa vidole vya mkono, kidole kimoja sauti moja, na wakaimba vizuri kuliko walimu wa shule. Mwimbaji wetu mmoja alipopatwa na uchungu wa kujifungua katikati ya mazoezi, Mwalimu ndiye aliyempakia kwenye baiskeli akamkokota hadi hospitali, shati lote jasho. Hakuwahi kumpa mtu nafasi ya kuimba peke yake kwa sababu ya zawadi. Nilimheshimu kuliko mchungaji, na sioni aibu kusema hivyo. Aibu yangu iko kwingine.

Kile kinasa sauti kililetwa na mgeni kutoka Ulaya, aliyekuja kusikiliza kwaya za kwetu akamwachia alipoondoka. Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni ya kuogea. Juu kilikuwa na maikrofoni mbili zilizopishana kama pembe za mende, na kukiwa na upepo alikivika kofia ya manyoya ya kijivu iliyofanana na panya aliyekufa. Baadaye ikaja mashine bapa yenye vibonyezo kumi na sita vya mpira. Kila kibonyezo unakiwekea sauti unayoitaka, na ukikigusa inalia hiyo hiyo. Ikafuata kompyuta, kinanda kisicho na sauti yake chenyewe mpaka ukiunganishe, hedifoni kubwa nyeusi, na nyaya. Chumba cha mbele kikajaa nyaya mpaka mgeni hana pa kuweka miguu.

Mkewe alivumilia miaka mitatu, kisha akaenda kukaa kwa binti yao Nzega. Siku aliyoniletea kitenge nimshonee gauni la safari, aliniambia kwamba mumewe alimkataza kukaanga vitunguu wakati wa kazi, halafu akagundua mlio wa mafuta ni mzuri, akamwamuru akaange hata siku isiyo na mboga. Jingine alilisema akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa na mafua makali, homa juu, naye mumewe akamsogezea kile kidude mdomoni akamwambia akohoe tena, kwa sababu mara ya kwanza alikohoa mbali.

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mke aliyechoka.

Halafu nikasikia mwenyewe. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mzee aliyeugua kifua kikuu, alikuwa akikaa barazani asubuhi kuota jua, na kikohozi chake kilifika hadi kwenye cherehani yangu. Siku moja Mwalimu aliniita akanivika hedifoni. Ulikuwa mdundo wa haraka, wa kuchezeka, na ndani yake ngoma moja kavu, kha, kha-kha. Akaniuliza kama naitambua. Nilipotikisa kichwa, alionyesha kwa kidole nyumba ya jirani, huku anatabasamu kama aliyeniletea zawadi. Yule mzee alifariki mwezi uliofuata. Mdundo ule ulipigwa kwenye sherehe za kuhitimu, na watu wazima walicheza juu ya makohozi ya marehemu wasijue.

Nilipomwambia kwamba jambo hilo linanitia kinyaa, alinijibu neno alilokuwa akilirudia kila alipobanwa: sauti ikishatoka mdomoni ni mali ya hewa. Alilisema taratibu, kwa ile sauti ya kufundishia, na wengi walinyamaza wakidhani wameelimishwa. Lakini bwana mmoja wa kwaya ya Nzega alipomrekodi kwa simu akitufundisha wimbo alioutunga yeye, Mwalimu alisimamisha mazoezi, akaita wazee wa kanisa, akamsimamia yule bwana mpaka wimbo ukafutwa mbele ya macho ya watu wote. Makaratasi yake ya nota yote yalikuwa na jina lake kila ukurasa, juu na chini. Mali ya hewa ilikuwa sauti ya mtu mwingine.

Kadiri miaka ilivyokwenda akazidi kupenda misiba. Harusini, alisema, watu wanaimba wakijua wanasikilizwa, lakini msibani sauti inatoka mahali pake. Alikuwa anapata habari za vifo kabla ya ndugu wa mbali. Tulipokwenda Bukene kuzika baba wa mwimbaji mwenzetu, nilimwona amechuchumaa pembeni ya mjane, kile kidude amekifunika kwa kitabu cha nyimbo, pembe mbili zimechungulia. Mjane alikuwa analia kwa maneno, kama wanavyolia wa kwetu, anamsimulia marehemu mambo yao ya nyumbani. Treni ya Mwanza ikapita, ikapiga honi ndefu. Ilipotulia, Mwalimu alimgusa bega.

"Mama, treni imeingia," alisema. "Anza tena pale uliposema umeniacha na nani."

Yule mama alimtazama. Alikuwa amechanganyikiwa na uchungu, na mbele yake alikuwepo mtu mzima, mwenye koti, mwalimu wa kwaya. Akaanza tena. Sijawahi kuona utii unaouma namna ile. Tuliosikia tulikuwa sita au saba. Tulikula wali wa msiba, tukapanda gari, tukarudi Tabora tunaimba.

Uongo aliuchukia mdomoni mwa wanakwaya. Mtu akichelewa akasingizia mgonjwa, alimsimamisha nje. Kwa wageni wa Ulaya waliomjia kwa ajili ya mashine zake, hata hivyo, alikuwa na ulimi mwingine. Wageni wanaokuja Tabora wanataka kusikia habari za misafara ya zamani, wapagazi na pembe za ndovu na njia ya Ujiji, na yeye aliwauzia hamu hiyo. Alimchukua mzee mmoja wa Sikonge mrina asali, akamrekodi akiimba wimbo anaouimba akipanda mti kwenda kwenye mzinga, halafu akawaambia wageni kuwa huo ni wimbo wa wapagazi, umeshuka kutoka kwa babu wa babu. Mzee hakujua. Nilikuwepo nikipeleka sare, nikamsikia akieleza kwa Kiingereza chake cha shule, mkono kifuani. Walipoondoka aliniambia kwamba wimbo wa asali hauna msikilizaji, wimbo wa mpagazi unao. Kisha akatia wimbo wa yule mzee kwenye vibonyezo, akaukata vipande kama nyama ya mishikaki.

Hayo yote niliyaona kabla. Nayasema ili mtu asiniulize kwa nini nilimwamini. Sikumwamini. Nilimzoea, na kumzoea mtu kunatosha kumfungulia nyumba yako.

Kaka yangu alifariki kwa ajali ya lori la tumbaku, barabara ya Sikonge, msimu wa mvua, matope yamefika magotini. Alikuwa mtoto wa kiume pekee wa mama yetu, naye ndiye aliyebaki nyumbani kumtunza. Kwaya ilikuja kuzika, na Mwalimu akaja na kwaya. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkaribisha ndani, kwenye jamvi la wanawake, kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha naye alikuwa mtu mzima.

"Shikamoo mama, pole sana," alimwambia mama yangu.

"Marahaba baba, karibu," mama alijibu, na akamsogezea mto.

Usiku wote ule mama hakuwa amelia. Ilipofika saa nne asubuhi, walipoingia kutuambia kaburi limekamilika, akaanza. Mama hakuwa mwimbaji wa kanisani. Aliimba kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini iliyopasuka katikati, akimwita kaka kwa jina la utotoni, akimuuliza nani sasa atafunga mlango jioni. Kaka ndiye aliyekuwa akifunga mlango, kila jioni, tangu baba alipofariki. Akarudia neno hilo la mlango mara nyingi, kila mara limebadilika kidogo, mpaka wanawake waliokuwa wanalia wakanyamaza kumsikiliza yeye.

Hapo ndipo nilipoona taa ndogo nyekundu chini ya gazeti, karibu na goti la mama.

Niliiona. Nilijua ni nini. Ningenyoosha mkono tu. Lakini niliwaza, afadhali, tutakuwa na kumbukumbu. Niliwaza pia kwamba si vizuri kumwaibisha Mwalimu mbele ya watu. Basi nikageuza uso, nikaendelea kulia, na kilio changu nacho kimo humo.

Ulipita mwaka na kidogo. Nilikuwa nimeshona magauni ya wasindikizaji wa bibi harusi mmoja, nikaalikwa ukumbini. Baada ya chakula mshereheshaji akasema sasa unakuja ule wimbo wenyewe, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele kabla haujaanza. Ukaanza mdundo wa kasi wa kukimbizana, kama wanavyoupenda vijana wa Dar. Kisha, juu ya mdundo, sauti ya mwanamke imevutwa juu mpaka imekuwa nyembamba kama ya mtoto, inasema neno moja la Kinyamwezi: mlango. Mlango, mlango, mlango. Mshereheshaji akaitikia kwa Kiswahili, ufunguliwe mlango, na wasindikizaji wakageuka wakainama wakatikisa makalio, katika magauni niliyoyashona kwa mikono yangu, huku wanaume wanapiga meza na kuulizana nani ana ufunguo.

Niliijua sauti ile kwenye neno la pili. Nilitoka nje nikatapika kwenye ua wa ukumbi. Mama mmoja akanishika kichwa akanipa pole ya chakula.

Kesho yake nilikwenda kwake. Sikumwamkia. Alikuwa na uso wa furaha, akaniwahi kusema kwamba alitaka anishangaze, alikuwa anasubiri wimbo ushike vizuri ndipo aniambie. Alinieleza jinsi alivyohangaika kupata sekunde nane safi, zisizo na watu wanaolia, kwa sababu wanawake walikuwa wanaingilia. Nilimwambia yule aliyeingilia ni mimi. Hakusikia, au alisikia akaona si kitu.

"Mama yako sasa anasikika hadi Mwanza," alisema. "Ungetaka afe na sauti yake kama jiwe?"

Nilimwambia kwamba mama yangu alikuwa analilia maiti iliyokuwa chumba cha pili. Alijibu kwamba ndiyo sababu inapendeza. Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini asali ya msitu ni tamu kuliko ya shambani. Ninachokichukia zaidi kwake mpaka leo ni hicho, kwamba hakuwa na ubaya. Mtu mbaya ungeweza kugombana naye. Huyu alikuwa anakusikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, anasubiri sauti yako ipande mahali pazuri.

Niliacha kwaya. Nilidhani wengine wataondoka nami, lakini aliondoka mmoja, na huyo alikuwa anahamia Kahama.

Nilimwomba Mungu mama asiusikie. Aliusikia sokoni Sikonge, kwenye spika ya mtu anayeuza chaji za simu, akiwa amekwenda kununua chumvi. Mdogo wangu wa kike alikuwa naye. Anasema mama alisimama, akamuuliza, "Huyu ni mimi?" Mdogo wangu akamwambia hapana, ni mtu mwingine. Mama akasema, "Ni mimi. Kwa nini wamenifanya mtoto?" Hakuuliza tena. Ila tangu siku ile hakuimba, si jikoni, si shambani, si akiwabembeleza wajukuu. Aliwabembeleza kwa kuwapigapiga mgongo, mdomo umefungwa. Aliishi hivyo miaka miwili na zaidi, kisha akatuacha, na msibani kwake niliwapekua watu mifuko kwa macho kama askari.

Mdogo wangu ndiye aliyetaka twende kwa Mwalimu. Tulikuwa tunajiandaa kuweka msalaba kaburini kwa mama, naye alisema anataka sauti. Picha anazo, alisema, lakini sauti hana hata neno moja, simu yake ya zamani ilizama mtoni na kila kitu. Kwa Mwalimu lazima kiwepo kile kilio chote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama kilivyokuwa. Nilimkatalia wiki nzima. Wiki ya pili nikakubali, kwa sababu hata mimi nilikitaka, na kukitaka kwangu kulinifanya nijione mchafu kama yeye.

Alikuwa amezeeka ghafla. Magoti yamevimba, kucha ndefu. Mashine zilikuwa mpya, yeye tu ndiye aliyechakaa. Mdogo wangu alimwamkia kwa adabu, akamweleza haja yetu. Alifikiri kidogo, akasema kilio kizima hakipo. Miaka ile kadi za kuhifadhia zilikuwa chache, na akishapata anachokihitaji alikuwa anafuta apate nafasi ya kazi nyingine. Alibakiza zile sekunde nane.

"Zilizobaki zilikuwa za nini?" aliniuliza mimi, kana kwamba ningekubaliana naye.

Mdogo wangu alianza kulia. Nadhani kilio chake kilimgusa Mwalimu, kwa namna yake. Alituambia siku hizi kuna namna, kompyuta ikipewa kipande kidogo cha sauti ya mtu inaweza kumwimbisha. Turudi Jumamosi.

Tulirudi. Alikuwa amevaa shati safi. Alituketisha mbele ya spika mbili, akabonyeza, na mama yetu akaimba.

Alikuwa yeye. Alikuwa na umri wake, hakuvutwa juu, na ule mpasuko wa katikati ulikuwepo. Aliimba neno la mlango likabadilika kidogo, likabadilika tena, kama siku ile, ingawa si vile vile. Mdogo wangu aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akatoa simu akainyoosha mbele ya spika, apate kuinasa sauti ile. Na mimi machozi yalinitoka, siwezi kukana. Kwa nusu dakika nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu.

Halafu nikaanza kuhisi kifua kinanibana, nisijue kwa nini. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nasubiri. Mama alikaa miaka mingi kwenye moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, na kifua chake hakikupona. Kila mwisho wa mstari alivuta pumzi, na pumzi hiyo ilikuwa na mluzi mdogo, kama birika linaloanza kuchemka. Tulilala na mluzi ule utotoni, chumba kimoja, ndivyo tulivyojua yupo. Sasa alikuwa anaimba mstari baada ya mstari, dakika ya pili, ya tatu, bila kuvuta pumzi hata mara moja. Nilikuwa nimeizuia pumzi yangu mwenyewe nikimngojea.

Mwalimu aliinamisha kichwa upande. "Umeonaje?"

"Hapumui, Mwalimu."

"Pumzi niliziondoa," alisema. "Zilikuwa zinachafua."

Nilisimama nikaruka nyaya zake nikatoka. Barazani nilitema mate, jambo ambalo mama asingeniruhusu kulifanya hata nyumbani kwa adui, nikaketi kwenye ngazi kumsubiri mdogo wangu. Hakutoka upesi. Ndani ile sauti iliendelea kuimba, na ilipokoma nilimsikia mdogo wangu akimwomba Mwalimu aianze tena kutoka mwanzo, kwa sababu pikipiki ilikuwa imepita.